Maswali ya Wasomaji: Leseni ya Kiwanda cha Fueli ya Nyuklia, na Ndoo za Tokaimura

Tangu mtambo wa majaribio wa kuchakata urani uzinduliwe Namtumbo, mkoani Ruvuma, Julai 2025, barua zinazoifikia safu hii zimebadilika sura. Zamani tulikuwa tukiulizwa kuhusu mashine za eksirei na minara ya simu, lakini sasa Unguja na Pemba zinauliza kuhusu viwanda ambavyo nchi yetu haina hata kimoja. Tumechagua barua nne. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo iliyouliza jambo zito zaidi.

*Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya sekondari, mkaazi wa Wete. Nimesikia kwenye redio kwamba urani hatimaye huwa fueli ya vinu vya umeme, na kwamba viwanda vinavyoitengeneza fueli hiyo hufanya kazi kwa leseni yenye masharti makali. Sisi watu wa Pemba leseni tunazijua. Meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikija huku kwetu, nayo ilikuwa na karatasi iliyotaja idadi ya abiria. Naomba nielezwe: leseni ya kiwanda kama hicho inazuia kitu gani hasa, na nani anasimama mlangoni kuhesabu?*

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Kabla sijafika mlangoni, niruhusu nifuate njia ya madini yenyewe, maana redio aghalabu huiruka. Kinachozalishwa mgodini ni unga wa manjano ambao, katika kila kilo 1 ya urani iliyomo, gramu 7 tu ndizo urani 235, ile aina inayopasuka kwa urahisi ndani ya kinu. Unga huo hugeuzwa ng'ambo kuwa heksafloridi ya urani, kisha hurutubishwa mpaka ile asilimia 0.7 ipande na kufikia kati ya 3 na 5, na baada ya hapo ndipo hupelekwa kwenye kiwanda cha fueli, ndani ya mitungi ya chuma, ukiwa kitu kigumu cheupe mfano wa chumvi ya mawe. Kiwandani mtungi hupashwa moto hadi kitu hicho kiwe gesi, gesi hukutanishwa na mvuke wa maji na haidrojeni na kuwa unga, unga hushindiliwa kuwa vidonge vyenye upana wa karibu sentimita 1, na vidonge huokwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,700 hivi. Vikishasuguliwa vikalingana, hupangwa ndani ya mirija ya aloi ya zirkoniamu yenye urefu wa karibu mita 4, ambayo hujazwa gesi ya heliamu na kuchomelewa ncha zote mbili.

Hatari ya pekee ya kazi hii, ambayo kiwanda cha saruji au cha sukari hakina, nitaieleza kwa makaa. Ukiyatandaza makaa ya moto kwenye sinia, kila kaa hupoteza joto lake pembeni na baada ya muda yote hufifia. Ukiyakusanya makaa yale yale katika jiko, bila kuongeza hata moja, yatashika na kuiva mekundu. Urani iliyorutubishwa ina tabia ya namna hiyo. Kiini kimoja cha atomi ya urani kikipasuka hutoa nyutroni, yaani chembe ndogo mno zilizokuwa ndani yake, na nyutroni hizo huweza kupasua viini vingine. Chombo kikiwa chembamba, nyingi hutorokea nje kabla hazijagusa kitu, lakini chombo kikiwa kinene na cha duara hubaki ndani na kuanzisha mnyororo wa mipasuko usiohitaji kiberiti wala mtu wa kuuwasha. Mfano wa jiko unakomea hapo, kwa sababu maji, ambayo huzima makaa, kwenye urani hufanya kinyume: huzipunguza mwendo nyutroni, na nyutroni iendayo polepole hupasua viini kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu yako maeneo ya unga ambako hata zimamoto wamewekewa masharti kuhusu kuingia na mpira wa maji.

Sasa leseni. Nchini Marekani, ambako utaratibu wake umeandikwa wazi kuliko kwingi, mwombaji hupeleka kwa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia uchambuzi wa kiwanda chote, hatua kwa hatua, akitaja kila kinachoweza kwenda kombo, kingeletwa na nini, na kizuizi gani kitakizuia. Ajali inayoweza kumuua mfanyakazi lazima aonyeshe kwamba uwezekano wake ni mdogo mno. Kila kizuizi alichokitegemea, iwe vali, mizani au mtu wa pili anayehakiki hesabu ya wa kwanza, huorodheshwa, na kuanzia siku hiyo hakiwezi kuondolewa wala kuachwa bila matengenezo kwa hiari ya meneja. Juu ya hayo kuna mpango wa dharura, ulinzi, hesabu ya kila gramu ya madini, tathmini ya mazingira, na fedha za kuja kukibomoa na kukisafisha kiwanda kitakapozeeka. Leseni inaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 40. Uingereza nayo huambatanisha masharti 36 kwenye leseni ya kila eneo la nyuklia, yale yale kwa kila mwenye leseni.

Katika vizuizi hivyo kuna daraja, na hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya leseni iliyoandikwa vizuri na iliyoandikwa ilimradi. Kizuizi cha kwanza ni umbo la chombo. Tangi likiwa jembamba kama bomba, hata mfanyakazi akichoka, akikosea au akiamua kuvunja sharti, makaa yatabaki kwenye sinia. Baada ya umbo huja vitu vinavyomeza nyutroni, kama boroni, halafu vyombo vinavyofunga vali vyenyewe, na mwisho kabisa, kwa kuwa ndicho dhaifu kuliko vyote, kibao cha ukutani kinachomwambia mtu asizidishe kilo kadhaa. Kanuni inayozingatiwa ni kwamba hitilafu moja peke yake isitoshe kuleta ajali. Lazima zitokee kwa pamoja angalau mbili, zisizotegemeana, na kila moja iwe haitarajiwi.

Mwalimu, umeuliza kuhusu mlango wa meli. Mlango wa namna hiyo ulivunjwa Tokaimura, nchini Japani, asubuhi ya Septemba 30, 1999. Kiwanda kidogo cha kampuni ya JCO kilikuwa kikitayarisha myeyusho wa urani iliyorutubishwa hadi asilimia 18.8 kwa ajili ya kinu cha utafiti. Utaratibu ulioidhinishwa ulitaka urani iyeyushwe katika chombo maalumu na kupita katika mnara mwembamba. Kazi hiyo ilikuwa ndefu, kwa hiyo kampuni ilikuwa imejiandikia njia ya mkato: kuyeyusha kwenye ndoo za chuma kisichoshika kutu. Siku hiyo wafanyakazi waliukata hata huo mkato wenyewe. Waliacha mnara, wakaumimina myeyusho kwa ndoo na faneli moja kwa moja ndani ya tangi pana, lililozungukwa na koti la maji ya kupoza. Kikomo cha tangi hilo kilikuwa kilo 2.4 za urani, na wao walikuwa wamefikisha takriban kilo 16 walipoona mwanga wa buluu, dalili kwamba mnyororo wa mipasuko umeanza.

Tazama jinsi umbo na maji vilivyoshirikiana. Tangi pana lilizuia nyutroni zisitoroke, na maji ya koti yakarudisha ndani zile zilizokuwa zimekwisha kutoka. Mnyororo uliendelea kwa karibu saa 20, ukapungua tu baada ya watu kwenda kwa zamu fupi fupi kuyatoa maji yale, kisha kumimina tangini asidi ya boriki, yenye ile boroni inayomeza nyutroni. Waliokuwa karibu na tangi walikuwa watatu. Wawili walifariki, mmoja Desemba mwaka huo na mwingine Aprili 2000. Wakaazi wa umbali wa mita 350 walihamishwa, na watu wapatao 310,000 waliokuwa ndani ya kilomita 10 walitakiwa wasitoke majumbani mwao. Kampuni ilifutiwa leseni mwaka 2000, na mwaka 2003 mahakama iliwatia hatiani watu wake sita.

Mwandishi mmoja akisimulia kisa hiki atawalaumu wafanyakazi, mwingine atailaumu kampuni. Mimi naanza na karatasi: tangi lenye umbo la hatari liliachwa ndani ya jengo hilo kwa sababu waandishi wa maombi na waidhinishaji waliridhika kwamba kibao cha kilo 2.4 kingetosha. Watu wale watatu hawakuwa wamefundishwa vya kutosha hata kujua kwamba kibao kile kilihusu uhai wao.

Kwa hiyo, nani anahesabu mlangoni? Mkaguzi wa serikali yumo, lakini si kila siku. Marekani huweka mkaguzi mkaazi kwenye viwanda vinavyoshughulikia urani iliyorutubishwa sana, ilhali vile vya fueli ya kawaida hutembelewa kwa ratiba. Anayehesabu usiku na mchana ni mizani. Nyinyi wa Pemba mliokulia kwenye majamvi ya karafuu mnajua kwamba gunia la mbichi likianikwa halirudi na uzito wake, na mwenye shamba mwerevu hujua ni kiasi gani kimekwenda na jua na kiasi gani kimekwenda na watu. Kiwanda cha fueli hutakiwa kuwa mwerevu kuliko huyo. Mwaka 2016, katika kiwanda kimoja cha Columbia, South Carolina, walipofungua mtambo wa kusafisha hewa chafu walikuta uchafu ulioganda ukiwa na takriban kilo 87 za urani, mahali ambapo kikomo kilikuwa kilo 29. Unga ulikuwa ukivutwa na hewa kidogo kidogo na kujikusanya pale, na tathmini ya usalama ilikuwa imechukulia kwamba hautafika kiasi hicho. Hakuna aliyeumia. Sehemu hiyo ilisimamishwa, wakaguzi wakaja, na ukaguzi wa ndani ya mabomba ukaongezwa. Ukiniuliza ni tukio gani linanitia wasiwasi zaidi, nitakutajia hili kabla ya lile la Tokaimura, maana hapa hapakuwa na mtu aliyebeba ndoo.

*Mimi ni baharia, nashinda zaidi baharini kuliko nyumbani Malindi. Kibandiko cha manjano chenye alama ya mionzi nakijua, na nimewahi kusafiri na shehena yenye kibandiko hicho. Siku mtungi wa namna hiyo ukidondoka baharini itakuwaje? Samaki watalika?*

Ndugu baharia, jambo unalolihofia limekwisha kutokea. Agosti 25, 1984 meli ya mizigo ya Ufaransa iitwayo Mont Louis iligongwa na feri nje ya pwani ya Ostend, Ubelgiji, ikazama ikiwa na mitungi 30 ya heksafloridi ya urani. Bahari ilichafuka na meli ikakatika, hata hivyo katika wiki zilizofuata mitungi yote 30 ilitolewa, bila uchafuzi wa maana. Chuma chake ni kinene, na kilichomo ndani, katika joto la kawaida, ni kigumu wala hakimwagiki.

Mitungi inayobeba urani iliyokwisha kurutubishwa huvishwa tena gamba la kinga, na muundo wa mzigo huo hauidhinishwi mpaka uthibitishwe kwamba unastahimili kuangushwa kutoka mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, kuangushwa juu ya nondo nene ya chuma kutoka mita 1, moto wa nyuzi 800 kwa dakika 30, na kuzamishwa majini. Kwa hiyo samaki si wa kwanza katika orodha yangu ya hofu. Adui wa mtungi ni joto, hasa ukiwa umejazwa kupita kiasi, kwa sababu heksafloridi ikiyeyuka hutanuka sana. Januari 4, 1986, katika kiwanda cha kugeuza urani huko Gore, Oklahoma, mtungi wa tani 14 haukuwekwa sawasawa juu ya mizani, ukasomeka mwepesi kuliko ulivyokuwa, ukajazwa mno. Walipogundua, waliupasha moto ili wapunguze kilichozidi, jambo ambalo utaratibu uliwakataza, ukapasuka. Gesi iliyotoka ikikutana na unyevu wa hewa hufanya floridi ya haidrojeni, asidi inayounguza mapafu, na mfanyakazi mmoja alifariki kwa hiyo asidi, si kwa mionzi. Ukiwa kazini na ukaona wingu jeupe likifuka kwenye shehena ya aina hiyo, usiende kuchungulia. Pita upande unakotoka upepo na uwe mbali.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Chake Chake. Je, ni Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna ndilo linalotoa leseni, na Zanzibar tuna mdhibiti wetu?*

Mwanangu, shirika la Vienna halitoi leseni kwa kiwanda chochote. Huandika viwango vya usalama, na wakaguzi wake huhesabu madini na kuweka lakiri ili kuhakikisha hayachepushwi kwenda kutengeneza silaha. Leseni hutolewa na nchi yenye kiwanda. Kwetu mdhibiti ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, na kazi zake zinafika Zanzibar pia. Mashine ya eksirei ya hospitali iliyo karibu na skuli yako haipaswi kuwashwa bila kibali chake.

*Assalamu alaykum. Mwanangu yuko Urusi anasoma uhandisi, na ameniambia kwamba watapelekwa wiki sita kujifunza kazi kwenye kiwanda cha fueli ya nyuklia. Tangu aniambie silali. Majirani hapa Kwahani wananiambia atarudi hana nywele. Nimkataze?*

Wa alaykumu salaam, mama yangu. Usimkataze, na hao majirani wasikukoseshe usingizi. Wanachokifikiria wao ni fueli iliyotoka ndani ya kinu baada ya kutumika, ambayo mtu hawezi kuisogelea bila kinga nzito. Fueli mpya, kabla haijaingia kinuni, hutoa mionzi hafifu, na vidonge vyake hushikwa kwa mkono wenye glavu. Kiwango kinachofuatwa na nchi nyingi kwa wafanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili) kwa mwaka, na mgeni wa wiki sita hatarajiwi kuukaribia.

Yapo mambo mawili ambayo ningependa umuulize, na kama kiwanda ni cha kweli hatashindwa kuyajibu. La kwanza ni vumbi. Urani ikivutwa puani hukaa mapafuni, na ile inayoyeyuka huenda kwenye figo, ambako hudhuru kama sumu ya madini mazito hata kabla hatujataja mionzi. Marekani humruhusu mfanyakazi asipokee mwilini zaidi ya miligramu 10 za urani inayoyeyuka kwa wiki. Kwa hiyo unga hushughulikiwa ndani ya makabati yaliyofungwa, ambamo shinikizo la hewa huwekwa chini kuliko la nje, ili penye tundu hewa iingie badala ya kutoka, na wafanyakazi hupimwa mkojo kwa ratiba. Akuulizie kama na wao wageni watapimwa kabla na baada. La pili ni ile asidi niliyomweleza baharia. Palipo na heksafloridi lazima pawe na jeli ya kalsiamu glukoneti, ambayo hupakwa ngozini mara moja mtu akirukiwa, na kila anayeingia anapaswa kuonyeshwa kwa mkono mahali ilipo. Vilevile aoneshwe njia ya kutokea king'ora cha mnyororo wa mipasuko kikilia, kwa sababu kikilia hakuna kuchukua simu wala koti. Ni kutoka mbio.

Halafu mwambie avae beji yake ya kupimia mionzi kifuani, kila siku. Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililoliona mwenyewe miaka ile nilipokuwa nikizunguka kukagua vyumba vya eksirei. Katika kituo kimoja hapa Unguja leseni ilikuwa imetiwa fremu na kioo, imetundikwa mapokezi, inang'aa. Matokeo ya beji za watumishi yalikuwa safi kwa mwaka mzima, masafi kupita kiasi, nikaomba nizione beji zenyewe. Yule mtumishi, kijana mstaarabu, alivuta droo ya meza iliyokuwa chumba cha pili, akatoa bahasha iliyoandikwa majina yao, akanambia wanaziweka humo zisipotee.